Umeme Haufiki, Mtandao Haushiki: Kutatua Matatizo ya Laptopu Kambini

Tulikuwa tumepiga kambi upande wa Engaresero, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, tukiliangalia Ziwa Natron kwa mbali. Watu wanne, laptopu mbili, paneli moja ya sola ya wati 100, betri ya maji ya ampea 100 na inveta ndogo ya wati 300, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa nyumbani wa volti 230. Kazi ya kila jioni ilikuwa moja: kuingiza takwimu za siku kwenye kompyuta, kisha kuzituma mjini. Usiku wa kwanza, saa 2 hivi, inveta ikaanza kulia. Ikalia mara tatu, ikazima. Betri ilikuwa imechajiwa mjini asubuhi ya siku hiyohiyo. Tukailaumu betri, tukalilaumu duka, tukaizima inveta na kuiwasha tena mara kumi na zaidi.

Dereva wetu, mzee wa Mto wa Mbu, alikuja na tochi. Hakugusa inveta. Aliushika waya unaotoka kwenye betri, akaufuata kwa vidole taratibu, akafika pale ulipofungwa kwenye kichwa cha betri, akaniita. "Mwanangu, hebu shika hapa." Nikashika, nikautoa mkono haraka. Palikuwa pa moto. "Umeme wenu mnaupikia hapa," akasema. "Huko hemani utafikaje?"

Tangu usiku ule nimepiga kambi nyingi zisizo na nguzo ya umeme, na nimeona jambo lilelile likijirudia kwa umeme na hata kwa mtandao. Mara nyingi umeme upo na mtandao upo, ila njia ya kuvifikisha kwenye laptopu ndiyo mbovu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye njia. Vifaa vyenyewe ni vya kushukiwa mwishoni.

Unahitaji mita moja ya kupimia umeme. Hata ile ya bei nafuu inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme inatosha. Bila mita utabaki kubahatisha, na kubahatisha porini ni ghali, kwa sababu duka la karibu linaweza kuwa Arusha.

Inveta inalia, kisha inazima, na betri imejaa

Huu ndio ugonjwa uliotupata, na ndio ninaouona kambi nyingi kuliko mwingine wowote. Weka mzigo kwanza, yaani laptopu ziwe zinachaji. Pima volti kwenye vichwa vya betri. Halafu, bila kuzima chochote, pima volti pale waya unapoingia kwenye inveta. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Zikitofautiana zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani.

Sisi tulipima. Kwenye betri, volti 12.4. Kwenye inveta, 10.2. Inveta nyingi za volti 12 huanza kulia zikipata chini ya volti 11 na hujizima zikikaribia 10, ili betri isife. Kwa hiyo inveta yetu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Iliamini kwamba betri imekwisha, kwa sababu kilichokuwa kinaifikia ni umeme wa betri iliyokwisha.

Sababu ilikuwa hesabu tupu. Betri tuliiacha garini, inveta tukaiweka hemani, na katikati tukavuta waya wa mm 1.5 wenye urefu wa mita 10. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 20. Waya wa shaba wa unene huo, kwa urefu huo, una ukinzani wa karibu omu 0.23. Laptopu mbili, ukijumlisha na kinacholiwa na inveta yenyewe, zikivuta karibu wati 100, betri inatoa karibu ampea 9 na nusu. Zidisha: zaidi ya volti 2 zimeishia kwenye waya, zimegeuka joto. Tena inveta ikipata volti pungufu huvuta ampea zaidi ili kufidia, na ampea zikizidi, waya unakula volti zaidi. Ndiyo maana kilio kikianza, kuzima hakuchelewi.

Dawa yake ni kuihamishia inveta kwenye betri. Usiupeleke umeme wa volti 12 mbali. Weka inveta kando ya betri kwa waya mfupi na mnene, mita moja ya mm 6 inatosha kabisa kwa inveta ya wati 300, kisha vuta umeme wa volti 230 kwa ekstensheni hadi hemani. Wati zilezile 100 kwenye volti 230 ni chini ya nusu ampea, na waya uleule wa mm 1.5 hauli chochote cha kusumbua. Tahadhari ni mbili. Volti 230 inaua, kwa hiyo ekstensheni iwe nzima, isiyo na viraka vya tepu, na soketi yake isilale kwenye nyasi zenye umande. Ya pili, weka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Waya ukichunwa na kupiga shoti bila fyuzi, unawaka, na hema huteketea kufumba na kufumbua.

Lile joto kwenye kichwa cha betri lilikuwa jambo la pili. Waya ulikuwa umezungushwa tu kwenye kichwa, haukubanwa, na juu yake kulikuwa na ule unga mweupe wa asidi. Ukikuta hivyo, fungua, mwagia maji ya moto kidogo, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga kwa bolti, kisha paka grisi juu. Na kila jioni, mzigo ukiwa umewashwa, pitisha kiganja kwenye maungio yote yaliyofunikwa. Ungio lenye joto ni ungio bovu. Hicho kipimo hakihitaji mita.

Siku ya kwanza safi, siku ya nne giza

Hapa hakuna kilichoharibika. Mnatumia zaidi ya mnachovuna, na betri ilikuwa inawafidia kimyakimya mpaka ikaishiwa.

Hesabu yetu ya Natron ilikuwa hivi. Laptopu mbili, kila moja wastani wa wati 30 kwa muda wa saa tano, jumla wati-saa 300. Simu mbili, wati-saa 30. Ruta ndogo ya laini ya simu, wati 5 kwa saa kumi na mbili, wati-saa 60. Taa, 25. Na mla kimya ambaye hakuna aliyemhesabu: inveta yenyewe. Inveta ikiwashwa tu, bila kuchomeka chochote, yetu ilikuwa inakula karibu wati 10. Tuliiacha imewashwa saa kumi kwa siku, wati-saa 100 zikaondoka. Jumla ni 515.

Mavuno sasa. Jua la kutwa la kwetu, ukilikusanya, ni sawa na saa tano hivi za jua la utosi. Paneli ya wati 100 mara tano ni 500 kwenye karatasi, lakini joto, vumbi na kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri) vikichukua chao unabaki na 350 hivi. Upungufu ni wati-saa 165 kila siku. Betri ya maji ya ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo akiba halisi ni 600. Gawanya 600 kwa 165 uone siku ngapi: tatu na ushee. Ndiyo maana giza liliingia siku ya nne.

Kabla ya kununua paneli nyingine, ziba matundu. Zima inveta kila laptopu zinapojaa. Au achana nayo kabisa kwa laptopu zinazochaji kwa USB-C, tumia chaja ya gari ya volti 12 yenye wati 65, kwa sababu kuupandisha umeme hadi 230 kisha adapta iushushe tena hadi 20 ni kulipa ushuru mara mbili. Zima ruta mkilala. Punguza mwanga wa skrini, kwa maana skrini ndiyo inayokula sana ukiwa unaandika tu. Chajini laptopu mchana, jua likiwepo, ili usiku mtumie betri za ndani ya laptopu zenyewe. Sisi tulipofanya hayo manne hatukuongeza hata waya, na siku zilizobaki hatukulala giza.

Kuna mtego katika kupima. Jioni, paneli ikiwa imetoka tu kuchaji, mita itakwambia betri ina volti 13 na zaidi. Hiyo si hali yake ya kweli. Iache ipumzike saa moja au mbili bila kuchaji wala kutumika, kisha upime. Betri ya maji iliyojaa husoma 12.7 hivi, iliyofika nusu 12.2, na ikisoma 11.8 imekwisha, iokoe. Betri za lithiamu haziko hivyo. Volti zake hukaa palepale karibu 13 siku nzima, halafu zinaanguka ghafla. Kwa hizo, volti hazikuambii mengi, tegemea skrini inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Jua kali, lakini betri haipandi

Saa 6 mchana, chomoa paneli kwenye kontrola uipime peke yake. Paneli ya kuchajia betri ya volti 12, ikiwa haijaunganishwa na kitu, inatakiwa isome volti 20 hadi 22. Ikisoma sifuri, waya umekatika au kiungio hakijabana. Ikisoma vizuri, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10 na upime ampea. Ya wati 100 itoe 5 hadi 6. Ukimaliza, rudisha waya wa mita mahali pake papo hapo. Mita iliyoachwa kwenye ampea ukiigusisha na betri ni shoti, na nimeona mtu akiungua vidole kwa kusahau huko.

Volti nzuri na ampea ndogo mara nyingi ni kivuli. Watu hawaamini namna kivuli kidogo kinavyoumiza. Seli za paneli zimefungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akisimama mstari wote unasimama. Tawi moja la mgunga au kamba ya hema iliyopita juu ya kona linaweza kuondoa theluthi ya umeme au zaidi. Zunguka paneli saa 3, saa 6 na saa 9, uangalie kivuli kinatambaa kutoka wapi. Natron kulikuwa na jambo jingine, vumbi la magadi. Upepo wa mchana huliinua kutoka kando ya ziwa na kufikia jioni paneli imekuwa na ukungu mweupe. Tulikuwa tunaifuta kila alfajiri kwa kitambaa laini na maji kidogo, kabla jua halijaichemsha.

Kuhusu kuielekeza, wengi hulaza paneli chini na kuiacha. Mwezi Machi na Septemba si mbaya. Lakini Juni, kwa aliye Natron, jua la saa 6 mchana limeinamia kaskazini karibu nyuzi 26 kutoka utosini, na Desemba limeinamia kusini karibu nyuzi 21. Elekeza paneli huko, na hata ukiilaza usiigusishe na ardhi. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi joto moja inayozidi 25. Kwenye mchanga wa moto inafika nyuzi 65 bila taabu, na hapo umepoteza wati 16 kati ya 100. Mawe manne chini yake, hewa ipite, inatosha.

Kama hayo yote ni sawa na ampea bado ni kidogo, pima paneli kwa futi. Mita mraba moja ya paneli nzuri hutoa karibu wati 200 jua likiwa kali. Niliwahi kuuziwa paneli iliyobandikwa wati 150 yenye ukubwa wa nusu mita mraba. Ilikuwa haiwezekani tangu dukani, na mimi sikuwa nimejua kuhesabu. Iliumiza, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kikundi.

Mwisho kwenye kontrola. Betri iungwe kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua paneli itoke kwanza. Kontrola nyingi hutambua kama betri ni ya volti 12 au 24 pale inapowekwa, na ukitanguliza paneli zinaweza kukosea. Chagua pia aina ya betri kwenye mipangilio yake. Kontrola iliyopangiwa lithiamu ikichaji betri ya maji, au kinyume chake, haitaijaza inavyotakiwa.

Pawabenki imejaa, laptopu haitaki

Tazama maandishi madogo ubavuni mwa pawabenki. Laptopu nyingi zinazochaji kwa USB-C zinahitaji volti 20 na wati 45 au 65. Pawabenki ya simu ikitoa wati 18 au 20, laptopu itaikataa au itachaji polepole ikiwa imezimwa tu. Waya nao una neno. Wa kawaida unapitisha ampea 3, yaani wati 60 mwisho. Kwa wati 100 unahitaji waya wenye chipu ya ampea 5 ndani. Na kuna nyaya zinazofanana kabisa kwa macho ambazo ni za kuchajia simu tu, kwa hiyo jaribu mwingine kabla hujaamua pawabenki imekufa.

Usitegemee muujiza pia. Pawabenki ya milliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74, na zikishapungua njiani zinabaki kama 60. Hiyo ni kujaza laptopu ya kawaida mara moja.

Laptopu inaandika "imechomekwa, haichaji"

Kama ni mchana wa Natron, gusa chini yake kwanza. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi joto 45, na laptopu yenyewe husimamisha chaji ikifika huko. Hema lililofungwa saa 8 mchana ni tanuri. Itoe nje kivulini, iinue kwa vijiti viwili, subiri nusu saa. Ukiwa juu Kilimanjaro, shida ni kinyume chake: chini ya nyuzi sifuri pia chaji inakataa, basi lala na laptopu ndani ya begi la kulalia.

Kama haina joto, tazama chaja. Baadhi ya laptopu zina kijipini cha katikati kwenye tundu la chaji ambacho huitambulisha adapta. Adapta ya bei rahisi ya gari isiyo na kijipini hicho itaiwasha laptopu lakini haitachaji betri.

Na kipanya kikirukaruka, adapta ikinguruma na kupata joto kuliko ilivyo nyumbani, inveta yako ni ile isiyotoa wimbi laini (pure sine wave). Itakusogezea kazi siku chache, lakini adapta inateseka. Kwa anayekaa porini mara kwa mara, nunua ya wimbi laini.

Kuchajia kwenye gari

Tundu la kiberiti cha gari lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Kwa ile ya 15, inveta ya wati 150 ndiyo mwisho wake, ukizidisha fyuzi inakatika na redio inaweza kuzima nayo. Chaji gari likiwa linatembea. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikutengenezwa kushushwa taratibu usiku kucha, na likikataa kuwaka ukiwa kati ya Engaruka na Engaresero mnaweza kukaa nusu siku bila kuona gari jingine. Malori mengi hutumia volti 24, na baadhi ya Land Cruiser pia. Pima kabla ya kuchomeka kitu cha volti 12.

Vijiti vya mtandao vinne, lakini hakuna kinachofunguka

Sasa tuhamie kwenye mtandao, na njia ni ileile. Vijiti huonyesha nguvu ya mnara kukufikia. Havikuambii kama mnara una nafasi, wala kama wewe una bando.

Anza na bando, hata kama una uhakika nalo. Kisha, kama laini iko kwenye ruta, angalia APN, lile jina la mlango wa intaneti la mtandao wako. Simu hulijaza yenyewe, ruta nyingi hazijui. Liandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu huwezi kulitafuta kwenye intaneti ambayo huna.

Kama vyote viko sawa, mnara umejaa. Mnara wa kijiji huhudumia kijiji kizima, na kati ya saa 1 na saa 5 usiku kila mtu yuko kwenye simu. Sisi tulihangaika siku mbili kutuma faili jioni. Siku ya tatu nikaamka saa 10 alfajiri, giza bado, nyota zimejaa juu ya mlima, nikabonyeza tuma. Faili lililoshindwa saa tatu nzima jana yake likaenda kwa dakika sita. Tangu hapo kazi nzito tuliiwekea alfajiri.

Hakuna vijiti, au vinakuja na kupotea

Acha vijiti, soma namba. Kwenye simu nyingi za Android, piga *#*#4636#*#* kisha ingia kwenye taarifa za simu, utaona nguvu ya mtandao kwa dBm. Ni namba hasi. Karibu na -85 ni nzuri, -100 ya kuvumilia, -110 dhaifu, -120 kwaheri. Tembea nayo polepole, mita kumi kumi, ukiandika. Engaresero ukuta wa Bonde la Ufa umesimama magharibi, na mahema yetu tuliyapiga nyuma ya kilima kidogo tukikimbia upepo. Hapo tulikuwa na -117. Hatua arobaini, kwenye kilima chenyewe, -98.

Menyu hiyohiyo inakuruhusu kulazimisha aina ya mtandao. Simu ikiyumba kati ya 4G dhaifu na 3G, kila kubadilisha kunakata mawasiliano. Ifunge upande mmoja, jaribu, kisha upande wa pili. Hakuna kanuni, kuna maeneo 3G iliyotulia inaishinda 4G inayopumulia mashine.

Kuinua husaidia kuliko mtu anavyodhani. Weka simu au ruta juu ya nguzo ya mita 4 au 5, nje ya bati la gari, na uunganishe laptopu kwa hotspoti. Chagua 2.4 GHz, hufika mbali kuliko 5 GHz. Hapa watu wengi hununua antena ya nje na kuivutia waya mwembamba wa mita 10 hadi kwenye ruta iliyo hemani, kisha wanashangaa haijabadilika kitu. Ni ugonjwa uleule wa inveta. Waya mwembamba wa antena kwa urefu huo, kwenye masafa ya 1800 au 2100 MHz, humeza karibu nguvu yote iliyoongezwa na antena. Pandisha ruta yenyewe juu, pamoja na antena, uiteremshie waya wa umeme tu. Ruta inakula wati 5, waya wake hautapungukiwa.

Ukiwa mpakani, Namanga, Tarakea au Horohoro, simu inaweza kuhamia mnara wa nchi jirani na salio likayeyuka. Zima kupokea huduma nje ya nchi (roaming) na uchague mtandao wako kwa mkono.

Pale ambapo hakuna mnara kabisa, kuna setilaiti. Starlink ilianza huduma Kenya Julai 2023, lakini kabla ya kuvuka mpaka na sahani yake ulizia ruhusa kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi unayoingia. Na kumbuka umeme: sahani ya kawaida hula wati 75 hadi 100 muda wote ikiwa imewashwa, yaani saa tano tu zinamaliza mavuno yote ya paneli yetu, zaidi. Ndogo yake hula wati 25 hadi 40. Kama inakatika kila baada ya dakika chache, tazama juu. Mgunga mmoja unatosha kuiziba.

Bando la GB 10 limeisha usiku mmoja

Laptopu ikiona WiFi hudhani iko ofisini. Hujisasisha, hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, hushusha barua zote na viambatanisho vyake. Kwenye mipangilio ya WiFi ya Windows, kwa ule mtandao wa hotspoti yako, weka kwamba unalipiwa kwa kipimo (metered connection). Kisha zima kwa mkono kila programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Fanya hivyo kwenye kila laptopu ya kambi, na kwa kila mgeni atakayeomba nywila, maana moja iliyosahaulika inatosha kumaliza bando la wote.

Hotspoti inajizima yenyewe

Simu nyingi huzima hotspoti zikikaa dakika chache bila kutumika, au zikiwa kwenye hali ya kuokoa chaji, au zikipata joto. Zima hizo mbili za kwanza kwenye mipangilio. Ya joto, itoe simu juani. Kwa waya wa USB hotspoti hukaa imara zaidi, ila simu itanyonya chaji ya laptopu, uizingatie kwenye hesabu.

WhatsApp inaenda, lakini kila tovuti inasema si salama

Hili lilinichanganya asubuhi nzima. Angalia saa na tarehe ya laptopu. Laptopu ya zamani ikizima kwa betri kuisha kabisa, kama ile ya kwetu siku ya nne, inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti hujithibitisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, na kompyuta iliyo mwaka mwingine inaona vyeti vyote ni batili. WhatsApp ya simu haina shida hiyo kwa kuwa simu huchukua saa kwenye mnara. Soma saa kwenye simu, iweke kwenye laptopu kwa mkono pamoja na tarehe na mwaka, funga kivinjari, kifungue tena.